Rotunda ya Virginia: tuiite jengo la Jefferson, au la nani?

Swali la msomaji: "Nasoma usanifu majengo na nimepewa kazi ya kuandika kuhusu Rotunda ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Kila ninakosoma wanasema ni kazi ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani aliyekianzisha chuo hicho. Lakini nimekuta pia kwamba iliungua mwaka 1895, Stanford White akaijenga upya kwa mtindo wake, miaka ya 1970 kazi ya White ikabomolewa ili arudishwe Jefferson, na tangu 2012 hadi 2016 mafundi wakawa juu yake tena. Je, bado naweza kuandika kuwa ni jengo la Jefferson? Walikuwa sahihi kubomoa kazi ya White? Na ilikuwaje jengo lililorudishwa kwa gharama kubwa mwaka 1976 lihitaji ukarabati mwingine hata miaka arobaini haijatimia?"

Ndugu msomaji, maswali yako ni matatu lakini la kwanza haliwezi kujibiwa bila la pili, kwa hiyo nitayachanganya kidogo.

Anza na kilichosimama pale leo. Kuta za matofali za lile duara kubwa ni za Jefferson. Kuba iliyo juu yake si yake. Ni ya miaka ya 1890. Baraza ya nguzo ya upande wa kusini, inayotazama uwanja wa nyasi, ni mchoro wake, ila vichwa vya nguzo unavyoviona vimechongwa Italia karne hii. Baraza ya kaskazini ni ya White kabisa, kwani Jefferson hakuwahi kuchora baraza upande huo. Vyumba vya ndani vina ramani ya Jefferson na mwili wa miaka ya 1970. Ukiandika "jengo la Jefferson" bila kuongeza neno hutakuwa umedanganya, lakini utakuwa umeacha kando habari yote inayolifanya jengo hilo listahili kusomwa.

Hata hao waliolijenga mara ya kwanza hawakuwa mtu mmoja. Wazo la kuweka jengo kubwa lenye kuba kwenye kichwa cha uwanja, likiwa mhimili wa vyote vingine, lilitoka kwa msanifu Benjamin Latrobe, aliyemwandikia Jefferson mwaka 1817. Jefferson alilichukua akaligeuza lake. Aliegemea michoro ya Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16, inayoonyesha Pantheon, hekalu la kale la duara la Roma, mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kufika, kwani safari yake ya Italia ya 1787 iliishia kaskazini. Kwenye mchoro wake aliandika hesabu anayoipenda kila mwalimu wa usanifu: kipenyo futi 77, yaani nusu ya Pantheon, hivyo eneo ni robo na ujazo ni sehemu moja ya nane. Urefu nao ni futi 77, kwa hiyo ndani yake unaweza kuliwazia tufe zima likikaa sawasawa.

Ujenzi ulianza 1822 na Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, kazi ikiwa ukingoni lakini haijaisha. Mafundi wakuu wa mbao walikuwa James Dinsmore na John Neilson. Waliofyeka na kusawazisha ardhi, waliofinyanga na kuchoma matofali, waliobeba na kupandisha, wengi wao walikuwa watu waliofanywa watumwa, na kazi yao iliendelea kwenye chuo hicho hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865. Chuo kilikamilisha mnara wa kumbukumbu yao mwaka 2020, mwendo wa dakika chache tu kutoka Rotunda. Swali lako la "ni ya nani" lina upande huu pia, na insha ambayo haiutaji itakuwa na pengo.

Sasa, kwa nini Rotunda ilikuwa jambo jipya? Vyuo vingi vya zama zile viliweka kanisa katikati. Jefferson aliweka maktaba. Chumba cha juu, chini ya kuba, kilizungukwa na nguzo 40 zilizopangwa mbili mbili, na rafu za vitabu zikafichwa nyuma yake, hivi kwamba aliyesimama katikati aliona nguzo na mwanga unaoshuka kutoka tundu la juu. Ghorofa mbili za chini ziligawanywa kuwa vyumba vya umbo la yai, na nafasi iliyobaki kati yake ikawa ukumbi uliobanwa kiunoni. Hiyo ni ramani ya mtu aliyefurahia jiometri kuliko urahisi wa kupanga meza. Alikusudia hata kuipaka kuba rangi ya mbingu, nyota ziwe za kubandika na kubandua, na mtu akae kwenye kiti kinachoning'inia kwa kamba akizisogeza kufuata somo la falaki. Halikufanyika, na sijui kama ni hasara, lakini linakuonyesha alivyolitazama jengo: chombo cha kufundishia.

Kuba yenyewe ilikuwa ya mbao. Alitumia njia ya Mfaransa Philibert Delorme wa karne ya 16, ambapo vipande vifupi vya mbao hupangwa tabaka kwa tabaka, viungo vikipishana, hadi vinatoa ubavu mrefu uliopinda. Ni njia nzuri kwa nchi yenye seremala wengi na miti mirefu michache ya kufaa. Ubaya wake unaujua: mbao kavu, nyembamba, zenye hewa katikati, na juu kabisa ya jengo.

Mwaka 1853 ulikamilika upande wa kaskazini upanuzi mrefu uliochorwa na Robert Mills, kwa ajili ya madarasa na ukumbi wa mikutano. Ndani yake moto ulianza asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Oktoba 1895, kwa sababu ya waya mbovu za umeme. Profesa wa hisabati, William Echols, alijaribu kulipua kwa baruti kiungo kati ya upanuzi na Rotunda ili moto usivuke. Mlipuko ulitokea, moto ukavuka vilevile. Wanafunzi walifanikiwa kuitoa sanamu ya marumaru ya Jefferson iliyochongwa na Alexander Galt, pamoja na sehemu ya vitabu. Vitabu vingi viliteketea. Kuba ya Delorme ikaenda yote, na kilichobaki ni silinda ya matofali, bila paa.

Hapa ndipo White anaingia, na ningekuomba usimwandike kama mharibifu. Kampuni yake, McKim, Mead & White, ilipewa jengo lililokwisha kuwa gofu. Walimu walitaka maktaba kubwa zaidi na walitaka isiungue tena. White aliondoa sakafu ya kati, akapata ukumbi mmoja mrefu wa ghorofa mbili, na akatetea uamuzi huo kwa kusema Jefferson mwenyewe angependa hivyo kama mahitaji ya zama zake yasingemzuia. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, ni ya mwanasheria kuliko ya msanifu. Marehemu hawezi kuhojiwa. Lakini kuba aliyoiweka ilikuwa ya hali ya juu. Ilijengwa kwa njia ya Rafael Guastavino, mhamiaji kutoka Hispania: vigae vyembamba vya udongo wa kuchoma, tabaka kadhaa, vikishikanishwa kwa saruji inayokauka haraka. Gamba hilo ni jembamba, lina nguvu, na moto hauna cha kula. Palipokuwa na upanuzi wa Mills, White akaweka baraza ya kaskazini. Kazi ilimalizika 1898.

Mwaka 1938 chuo kilifungua maktaba mpya, vitabu vikahama, na Rotunda ikabaki bila kazi ya kueleweka. Shikilia hapo, kwa sababu jengo lisilo na kazi ndilo linaloanza kutafutiwa historia. Profesa Frederick Nichols wa usanifu alipigania kwa miaka mingi irudishwe vyumba vya Jefferson, na tangu 1973 hadi 1976 akafanikiwa. Ndani ya White ikavunjwa yote. Sakafu ya kati ikarudi, vyumba vya umbo la yai vikarudi, nguzo 40 zikarudi. Jengo lilifunguliwa tarehe 13 Aprili 1976, siku ya kuzaliwa kwa Jefferson, katika mwaka wa miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Julai ya mwaka huo Malkia Elizabeth II akala chakula cha mchana pale.

Walikuwa sahihi? Nitakupa maoni yangu, nawe upime. Mkataba wa Venice wa 1964, wenye kanuni za kimataifa za kuhifadhi majengo ya kale, ulikuwa umekwisha kuandikwa wakati huo, na unasema mambo mawili yanayogusa kesi hii moja kwa moja: mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe, na urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Kwa kipimo cha kwanza, kazi ya 1976 imeanguka. Ukumbi wa White haukuwa kiraka cha fundi wa mtaani. Ulikuwa kazi ya mmoja wa wasanifu mashuhuri wa Marekani wa zama zake, umekaa pale miaka 75 hivi, kipindi kirefu kuliko ule wa Jefferson uliodumu tangu 1826 hadi 1895. Wakavunja kitu halisi ili waweke nakala ya kitu kilichoungua.

Kwa kipimo cha pili hali si mbaya sana, kwa sababu michoro ya Jefferson ipo na picha za kabla ya moto zipo. Hawakubuni kutoka hewani. Lakini tazama walichoacha: kuba ya Guastavino ilibaki, na baraza ya kaskazini ya White ilibaki. Yaani walipata vyumba vya 1826 chini ya kuba ya miaka ya 1890, na mlango wa kaskazini ambao Jefferson hakuuota. Jengo la namna hiyo halikuwahi kuwepo siku yoyote kabla ya 1976. Hili ndilo ningeliweka kuwa kiini cha insha kama ningekuwa wewe. Mtu anayesema "tunarudisha lilivyokuwa" mara nyingi huchagua vipande kutoka miaka mbalimbali, kisha huita mchanganyiko huo asili.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na ni haki kuutaja. Ramani ya Jefferson ndiyo inayoeleza uwanja mzima: nyumba kumi za maprofesa, kila moja kwa mtindo wake wa nguzo, vyumba 54 vya wanafunzi katikati yake, na maktaba kichwani. Rotunda yenye ukumbi mmoja mrefu ilikuwa jengo zuri lililopoteza uhusiano na mpango huo. Ukitembea leo kutoka vyumba vya chini vya umbo la yai, ukapanda ngazi zilizopinda hadi ukaibukia kwenye mwanga wa chumba cha kuba, unaelewa alichotaka kwa namna ambayo mchoro hauwezi kukupa. Ningekuwa kwenye kamati ya 1973 ningepiga kura ya kupinga, na bado nafaidi matokeo ya kura iliyonishinda. Uwanja huo, pamoja na nyumba ya Jefferson ya Monticello, uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, kazi ya Nichols ikiwa ndani yake.

Swali lako la tatu ndilo wanafunzi huliruka, nami nafurahi umeliuliza. Kwa nini mafundi walirudi?

Jibu la kwanza ni maji. Juu ya kuba, mwaka 1976, waliweka paa la chuma lililopakwa rangi nyeupe. Chuma juu ya kuba kina maisha magumu: jua linakitanua, usiku kinajikunja, na kila kiungo kinavutwa huku na huku. Rangi ikishapasuka kwenye kiungo kimoja, kutu inaanza, na maji yakipata njia hayashuki wima kama kwenye paa la mteremko. Yanafuata mpindo wa kuba hadi yakutane na ukuta, ndiyo maana doa la unyevu huonekana mbali na tundu lililolileta. Awamu ya kwanza ya ukarabati wa 2012 ilikuwa kuliondoa paa hilo na kuweka la shaba nyekundu. Shaba nayo hutanuka, lakini haili kutu ya kuitoboa kama chuma, na viungo vyake hukunjwa badala ya kuchomelewa, hivyo vina nafasi ya kucheza. Wapita njia waliiona kuba ikiwa kahawia kwa muda, kisha ikapakwa nyeupe. Wapo waliolalamika kwamba ingeachwa ichakae yenyewe hadi iwe kijani.

La pili ni marumaru. Jefferson aliwahi kuwaleta wachongaji wawili kutoka Italia, Michele na Giacomo Raggi, wakakuta mawe ya Virginia hayafai kwa nakshi nyembamba. Ikabidi vichwa vya nguzo viagizwe Carrara, Italia. Moto wa 1895 uliviharibu, na vile vilivyowekwa baadaye navyo vikachoka. Kufikia 2010 vilikuwa vimefungwa wavu mweusi ili vipande visiwaangukie watu. Marumaru ni chokaa iliyoiva chini ya ardhi: mvua yenye asidi inaigeuza juujuu kuwa jasi, jasi inaoshwa na maji, na ncha za majani yaliyochongwa ndizo huondoka kwanza kwa kuwa zinashambuliwa pande zote. Marumaru nyeupe ina tatizo jingine ambalo wengi hawalijui. Chembe zake hutanuka kwa viwango tofauti kila upande zinapopata joto, na baada ya miaka mingi ya jua na baridi huachana, ukiligusa jiwe linamomonyoka kama sukari guru. Hakuna gundi ya kuponya hilo kwa kichwa cha nguzo kinachobeba mzigo. Vipya vilichongwa Carrara kwa kufuata vipande vilivyosalia vya vile vya Jefferson.

La tatu ni mitambo. Hapa wasanifu wanafunzi hujisahau kabisa, kwa kuwa mabomba hayapigwi picha. Viyoyozi, nyaya na mabomba ya 1976 yalikuwa yamefika mwisho wake, na hakuna mitambo ya aina hiyo inayotazamiwa kuishi miaka mia. Jengo la duara lenye vyumba vya umbo la yai halina kona ya kuificha. Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa kuchimba chumba cha mitambo chini ya ua wa mashariki, nje ya kuta za Jefferson. Ni uamuzi wa gharama, na ni mojawapo ya sababu kazi yote ilifikia takriban dola milioni 58. Lakini mashine zikichakaa tena, zitabadilishwa bila kugusa plasta ya ndani. Hilo linaitwa kufikiria.

Na wakati wa kazi hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo usiache kuliandika. Mwaka 2015, mafundi wakichunguza unene wa ukuta kwenye chumba cha yai cha chini upande wa mashariki, waligundua nyuma ya matofali kuna uwazi. Ndani yake kulikuwa na jiko la kemia la zama za Jefferson: tundu la nusu duara, sehemu mbili za moto, moja ya kuni na moja ya makaa ya mawe, na meza ya mawe yenye nafasi tano za wanafunzi kufanyia majaribio. Chini ya sakafu kulikuwa na mifereji ya matofali ya kuingiza hewa safi, na juu njia za kutoa moshi na mvuke. Profesa John Emmet alifundishia hapo. Lilizibwa ndani ya ukuta katika karne hiyohiyo ya 19, na kwa sababu lilizibwa, moto wa 1895 haukulifikia, White hakuliona, na Nichols, aliyebomoa kila kitu akimtafuta Jefferson, alilipita. Zile sehemu mbili za moto zilikuwa zimefunuliwa miaka ya 1970. Hakuna aliyepiga hatua moja zaidi nyuma yake. Leo limeachwa wazi, watu wanaliona.

Kwangu hilo ni sababu ya kitaalamu, si hadithi ya kufurahisha wageni. Kabla ya kubomoa ukuta wa jengo la zamani unapima unene wake kila upande na kuulinganisha na mchoro. Tofauti isiyoelezeka ni chumba, bomba la moshi, au mlango uliozibwa. Kazi ya 1973 ilianza na jibu mkononi, ya 2012 ilianza na maswali, na tofauti ya matokeo unaiona kwenye ukuta huo mmoja.

Ongeza na hili: kipindi cha ukarabati ni cha hatari kuliko kipindi kingine chochote katika maisha ya jengo. Jengo la Mackintosh la chuo cha sanaa cha Glasgow School of Art huko Scotland liliungua 2014, na mwaka 2018, mafundi wakiwa kazini kulirudisha, likaungua tena vibaya zaidi. Mara ya kwanza gesi ya povu la kopo iliwaka kwa joto la projekta, na moto ukapanda kupitia njia za zamani za hewa ndani ya kuta. Rotunda nayo iliungua kwa sababu ya umeme ulioletwa kuiboresha. Ukitaka kuandika aya moja kuhusu usalama, weka mifano hiyo miwili pamoja.

Rotunda ilifunguliwa tena Septemba 2016, na safari hii kuna mabadiliko ambayo hayahitaji tofali hata moja: madarasa yamerudi ndani, na wanafunzi wanaruhusiwa kukaa chumba cha kuba kusoma. Baada ya 1976 ilikuwa zaidi mahali pa vikao na wageni wanaoongozwa. Mwanafunzi angeweza kumaliza miaka minne bila kuketi humo. Ukiniuliza ni ukarabati upi uliomkaribia Jefferson zaidi, nitataja huu wa mwisho, ingawa ndio ulioongeza vitu vichache zaidi vya kuonekana.

Kwa insha yako, basi, usiandike jina moja chini ya picha. Andika kuta 1822 hadi 1826 kwa mchoro wa Jefferson; kuba na baraza ya kaskazini 1896 hadi 1898, McKim, Mead & White pamoja na Guastavino; vyumba vya ndani 1973 hadi 1976, Nichols; paa la shaba, vichwa vya nguzo na mitambo 2012 hadi 2016. Mwalimu akisema maelezo ni marefu mno kwa picha moja, muulize ni mstari upi anataka uufute.